Begi la Salehe na Neno la Marisel

Niliondoka Tanga Juni ya mwaka 2017 kwa sababu Mama alichoka kuletewa salamu. Macho yake yalikuwa yamebakiza vivuli tu, watu akiwajua kwa sauti na kwa kuwapapasa. Mdogo wangu Salehe, kitinda mimba wake, alikuwa Johannesburg tangu ndevu hazijamtoka sawasawa, na hakuwahi kurudi hata kwa msiba. Sauti yake Mama aliipata kwenye simu. Kumpapasa, je? Simu haipapaswi.

"Kaniletee mwanangu," aliniambia. "Sitaki picha. Nataka nimshike kabla mikono yangu nayo haijafuata macho."

Mama yangu mnamjua. Nusu ya harusi za mji huu zimeliwa kwa mkono wake. Katika maisha yake yote ya upishi sijamwona akionja kwa kijiko. Hudondosha tone la mchuzi kwenye kiganja, akalilamba, kisha akahukumu: chumvi ipo, au chumvi haipo. Hakuna aliyebishana naye. Salehe alipokuwa mdogo alikaa karibu na jiko akisubiri naye adondoshewe tone lake, na Mama alimdondoshea katika kile kile kiganja chake mwenyewe, mtoto akalamba humo humo.

Siku za mwisho kabla ya safari nyumba ilijaa watu. Mpita njia angedhani wamekuja kunisomea dua. Dua! Shangazi Zuhura, dada yake marehemu baba, alikuja kuagiza blanketi, "lile zito la Sauzi, lenye picha ya chui". Mjomba Kassim alitaka simu, na aina yake aliitaja mpaka rangi. Jirani mmoja, ambaye hatuna naye udugu wala ujamaa, alijipima mguu kwa kamba, akaikata, akanikabidhi.

"Hii nimpe nani?" nikamwuliza.

"Mpe Salehe. Si ana duka?"

Ndiyo, Salehe alikuwa na duka la rejareja Soweto, spaza kama wanavyoyaita kule. Kila mtu Tanga alilijua duka hilo vizuri kuliko anavyoijua njia ya kuja kumjulia hali mama wa mwenye duka. Pia kulikuwa na la kunong'onezwa: eti Salehe harudi kwa sababu ametekwa na mwanamke wa Kifilipino. Ushahidi wao ulikuwa picha moja ambayo Salehe mwenyewe aliituma, amesimama jikoni, na nyuma yake mwanamke mfupi ameshika sufuria. Shangazi Zuhura aliitazama picha ile, akaugeuza mkao wa sufuria kuwa ndoa. "Kalishwa kitu huyo," akasema. Nami nikaondoka nimeiamini nusu yake, maana uongo ukisemwa na wengi huota miguu.

Dar es Salaam nilipanda basi la Johannesburg. Nilibeba halua ya kwetu bati zima, achari ya maembe, na kanga mbili za huyo mke wa Salehe wa kwenye picha, nikiwa nimechagua kwa makusudi zenye majina makali. Pembeni yangu alikaa mfanyabiashara wa Kariakoo, mama mnene mchangamfu, ambaye mpaka tunaipita Mbeya alikuwa ameshanieleza kila atakachonunua: mapazia, sabuni, nguo za watoto, mafuta ya nywele. Nikamwuliza ana nani kule. Akasema ana binti yake. "Na yeye utamwona lini?" Akafikiri. "Nikipata nafasi," akasema, akarudi kwenye mapazia.

Tunduma tulipanga foleni ya kugonga pasipoti katikati ya malori yasiyokuwa na mwisho. Zambia niliipitia nikisinzia na kuamka, kichwa kikigonga kioo. Chirundu, mpakani mwa Zimbabwe, jua lilitukaanga, halafu Harare baridi ikatupokea kabla hatujakausha jasho. Miguu yangu ilivimba, viatu vikanikataa. Na ndani ya basi mazungumzo yalikuwa yale yale: nani ataleta nini. Nilishangaa. Watu wamekaa barabarani siku zote hizo, na hakuna hata mmoja aliyetaja sura ya mtu.

Beitbridge, lango la kuingilia Afrika Kusini, ofisa wa forodha alilifungua bati langu la halua, akaibonyeza kwa kidole. Akauliza ni gundi? Nikamwambia aonje. Akaonja. Akamwita mwenzake, naye akaonja. Walipomaliza kuchunguza usalama wa halua, robo ya bati ilikuwa imekwisha, na wakaniambia karibu Afrika Kusini. Nikawaambia asante, wao ndio wamekaribia.

Johannesburg tulishuka Park Station asubuhi yenye baridi ya kukata masikio. Nilimtafuta mwenye duka. Nilimtarajia mtu mwenye kitambi kidogo, funguo za gari kidoleni. Akaja mwanamume mwembamba aliyevaa koti la mtu mnene kuliko yeye, akanibusu mkono, akalia. Nami nikalia, nisiwe mnafiki. Halafu nikamwuliza gari liko wapi.

"Eish, Dada. Tunapanda teksi. Ukivuka robot hapo tu."

Robot ni taa za barabarani. Watu wa kule wanaziita hivyo bila kuona haya.

Bellevue ni mtaa wa nyumba za zamani, kubwa, zilizojengwa kwa ajili ya familia moja moja na sasa zimekatwakatwa vyumba kama keki ya harusi. Katika nyumba ya Salehe, mbele waliishi Warundi, mume, mke na watoto wao wadogo. Niliwasalimia watoto kwa Kiswahili, wakanielewa vizuri sana, wakanijibu kwa Kiingereza, kisha wakagombana wenyewe kwa Kizulu. Mama yao akaguna tu. Chumba cha nyuma ndicho cha Salehe, na ubavuni mwake kile cha Mfilipino.

Ndiyo, alikuwepo. Nilimkuta jikoni, sufuria ile ile mkononi. Nikajiweka sawa na kanga zangu. Salehe akasema, "Dada, huyu Marisel, mpangaji mwenzetu. Anafundisha chekechea." Nikamwangalia mmoja, nikamwangalia mwingine. Nikaangalia milango miwili yenye kufuli mbili. Nikamwuliza Salehe kwa sauti ya chini kama kuna zaidi ya hayo. Alicheka mpaka akashika meza. Basi kumbe Shangazi Zuhura alifunga ndoa peke yake, Tanga, bila bwana harusi wala bibi harusi. Kanga nikampa mke wa Mrundi. Hakuyaelewa majina yake, na ikawa heri.

Sikumkuta mke, lakini nilikuta boksi. Lilikuwa limekaa katikati ya jiko la wapangaji wote, boksi la karatasi ngumu ambalo mtu mzima angelala ndani akikunja magoti. Watu walilizunguka wakienda kuchota maji, waliweka vikombe juu yake. Marisel alilijaza kidogo kidogo: leo sabuni, kesho nyama ya kopo, keshokutwa viatu vya raba. Likijaa hulifunga kwa utepe wa gundi na kulipeleka kwa mawakala wa meli, likaenda kwao. Kisha hununua boksi jingine. Tulizungumza kwa Kiingereza, maana mimi ni mwalimu na yeye pia, huko kwao alifundisha lugha sekondari. Aliniita Ate, yaani dada mkubwa.

"Wewe mwenyewe huwa unaenda lini?" nikamwuliza.

"Boksi linaenda, Ate," akanijibu.

Nilimdharau, sifichi. Nilijisemea, huyu mtu mzima na elimu yake anaishi kwa kulitumikia boksi. Nikashukuru kwamba kwetu hatuna ujinga huo.

Wiki ile ya kwanza Salehe aliondoka kila alfajiri na kurudi jioni. Nikasema nataka kuona duka Soweto. Akasema amelihamishia Fordsburg. Haya, Fordsburg twende. Akasema baridi. Nikamwambia nimevuka Zimbabwe na miguu iliyovimba, baridi isisingiziwe.

Fordsburg ningeweza kuipenda. Adhana ilisikika, harufu ya sambusa ikakutana nami njiani, na soko lao kubwa la ndani limejaa vitambaa mpaka darini. Tulifika kwenye duka la mapazia. Salehe akaingia haraka, akavua koti, akavaa aproni. Kabla sijapata pa kukaa, mzee mmoja nyuma ya kaunta akapaza sauti: "Salehe! Jora la kijani, mteja anasubiri!" Mdogo wangu akaliinua jora la kitambaa begani, akapita mbele yangu bila kuniangalia. Nilikaa kwenye kigoda nikamtazama akipima mapazia ya watu mpaka saa ya chakula.

Tulikula kwenye mgahawa wa jirani. Alikuwa anachanachana mkate badala ya kula.

"Lile la Soweto lilikwenda mwaka ule wa fujo," akasema. "Walipoanza kuvunja maduka ya wageni. Waliobeba friji nawajua majina, Dada. Mmoja nilikuwa namwuzia maziwa ya mtoto wake kila asubuhi."

"Miaka miwili sasa! Na hukutuambia?"

"Ningewaambia mngesema rudi nyumbani."

"Na ungerudi! Vibali unavyo, nauli si ya kushindwa. Mama anapapasa kuta, Salehe!"

"Ningerudi na nini?" Aliniuliza kwa dhati kabisa, akisubiri jibu. "Niingieje mtaani mikono inaning'inia? Mkono mtupu haulambwi. Si nyinyi mliotufundisha?"

Nilikuwa na jibu kali, lakini mfukoni mwangu kidole kilikuwa kimegusa kamba ya jirani, ile ya kipimo cha mguu. Nikanywa chai.

Jioni ile, tulipofika Bellevue, alivuta begi kutoka uvunguni mwa kitanda. Begi kubwa la bluu, zipu imeachia upande mmoja. Akasema begi lenyewe liko karibu kujaa, likijaa atakuja. Nikamwambia alifungue. Juu kulikuwa na viatu vya shule vya mtoto wa darasa la kwanza, vyeusi, vipya, vya mwanangu Hamisi. Hamisi wangu anaendesha bajaji! Ana ndevu, ana mchumba, mguu wake haungeingia hapo hata kidole gumba. Chini yake gauni la mpwa wetu Rehema, la maua, la mtoto wa kucheza kombolela. Rehema siku hizi ananyonyesha. Kulikuwa na redio ya kaseti ya Mjomba Kassim. Mafuta ya nywele yaliyogeuka rangi. Kila nilichokitoa kilikuwa kimemngoja mtu mpaka mtu akapita.

Chini kabisa kulikuwa na kasha dogo. Ndani yake miwani.

"Ya Mama," Salehe akasema. "Aliwahi kuniambia hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano. Nikamnunulia mwezi ule ule."

"Mwezi ule ule? Na watu wangapi wamekuja Tanga kutoka hapa tangu hapo? Hukumpa hata mmoja?"

"Nilitaka nimpe mwenyewe. Begi lilikuwa bado."

Loo! Hapo hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Nilimwita majina ambayo mwalimu hafai kuyajua. Nilimwambia begi lake na boksi la yule mwanamke jikoni ni mapacha, tofauti yao ni kwamba la mwenzake angalau lina akili ya kuondoka. Aliifuta miwani kwa shati lake, akairudisha kwenye kasha.

Wakati tupo katika hali hiyo, simu yangu ikalia kutoka Tanga. Mama. Nikampa Salehe. Mama akamwuliza amekula nini, na kule ni baridi kiasi gani, na kama kile kikohozi chake cha utotoni bado kinamsumbua. Hakutaka kitu. Hakuuliza atakuja lini, maana alishachoka kudanganywa. Kisha tukasikia mkwaruzo, na sauti ya Shangazi Zuhura ikaingia nzima: "Salehe baba! Blanketi usisahau, lenye chui!" Simu ilikuwa kwenye spika. Nyumba nzima ya Bellevue ilisikia habari za chui.

Jumapili mchana Marisel alirudi kutoka kanisani, akapika wali na samaki, akatukaribisha. Meza haikuwepo, tulikula juu ya boksi. Akaja pia Profesa. Huyu Profesa hajawahi kuvuka mlango wa chuo. Ni kinyozi, Mkongo wa Lubumbashi, ana kiti chake cha kunyolea mtaa wa pili, na jina hilo kajipa mwenyewe. Alikuja kwa ajili ya samaki. Mimi nikamwuliza Marisel kwa nini boksi lile analiita kwa neno moja kila mara, pasalubong, pasalubong, hata akizungumza nasi Kiingereza. Profesa akamwahi kujibu, mdomo umejaa.

"Ile neno iko ya kwetu, mama! Sikiliza muzuri. *Pa*, ni pahali. *Salu*, ni salamu. *Bongo*, ni akili. Pahali pa kusalimia akili! Bantu ya zamani balienda kule na mitumbwi."

"Na akili ilisalimiwa ikajibu nini?" nikamwuliza.

"Mama, usicheke. Wanasema *salamat* kwa kushukuru. Hiyo si salama yetu?"

"Hiyo imetoka kwa Waarabu, ikapita kwa Wamalei, kama yetu ilivyotoka huko huko. Ukikutana na mtu aliyeazima sufuria kwa jirani yako, haimfanyi kuwa ndugu yako."

Kwa Profesa kila neno duniani lilizaliwa Lubumbashi likaanza kutembea. Akaendelea na samaki bila kutetereka. Marisel, aliyekuwa ametafsiriwa mchezo wote na Salehe, alicheka mpaka akafuta macho, kisha akaweka kijiko chini, ualimu ukampanda. Alisema visiwani kwao lugha ni nyingi, mtu wa huku na wa kule huenda wasielewane hata kuomba maji, lakini neno hilo ukilisema popote watu wanaangalia mikono yako. Baba yake alikuwa Mtagalogi. Kwa Kitagalogi, *salubong* ni kutoka ukamkute mtu njiani anapokuja.

"Kumlaki," nikasema. "Sisi tunaita kulaki."

Akalirudia neno letu mara mbili. Kisha akasema, ukiweka *pa* mbele yake, inakuwa kile kinachotumika kwa kulaki huko. Mama yake ni wa kaskazini, Mwilokano, na kwao husema *pasarabo*, na *sarabo* nayo ni kulaki. Sura mbili, maana ile ile.

"Na zawadi yenyewe imo sehemu gani ya neno?" nikamwuliza.

Marisel akalirudia neno polepole. "Haimo," akasema. "Zawadi tuna neno lake jingine, tulilipata kwa Wahispania. Humu hakuna zawadi. Humu kuna njia, na watu wawili wanaokutana."

Akabaki ameangalia boksi lililokuwa limebeba sahani zetu. Ni yeye mwenyewe aliyeendelea, hakuna aliyemwuliza.

"Baba yangu alikufa boksi likiwa baharini. Lilifika baada ya mazishi. Kaka zangu walinipigia simu ya video, wakalifungua mbele yangu, wakagawana. Fulana nilizomnunulia yeye pia waligawana. Walifurahi sana. Waliniambia, Marisel, ni kama umekuja."

Salehe alikuwa ameacha kula. Hata Profesa alisimamisha taya.

"Na bado unajaza jingine?" nikamwambia. Sikuweza kujizuia.

"Sijui kuacha, Ate. Nikiacha, nitakuwa nani kwao?"

Nilijua jibu la swali lake, na lilikuwa baya, kwa hiyo sikumpa. Ila dharau yangu ilihama. Nilikuwa nimemdharau yeye kwa kujaza. Nikaanza kuwadharau waliokuwa wakifungua. Kwao na kwetu.

Salehe alinawa mikono, akaingia chumbani, akatoka na begi la bluu. Alilifungua hapo hapo kwenye sakafu ya jiko. Viatu vya Hamisi akawaita watoto wa Mrundi wajaribu, na mmoja vikamkaa barabara; akakimbia navyo uani akipiga kelele kwa lugha zake zote tatu. Gauni lilikwenda kwa dada yake. Redio ya kaseti akaichukua Profesa, na miwani pia, akaivaa papo hapo. Nikasema alhamdulillahi, labda wateja wake sasa watanyolewa pande zote mbili sawa. Mafuta tukatupa. Salehe akalikunja begi tupu, akaliweka juu ya kabati.

"Dada," akasema, "twende kabla sijapita dukani."

Jumanne mwajiri wake alimpa ruhusa, Jumatano tukawa Park Station. Marisel alitusindikiza, hajabeba kitu, akaniambia kwa Kiswahili alichojifunza kwa Salehe: "Kalaki Mama." Sarufi ilikuwa imeenda upande, lakini nilimkumbatia hivyo hivyo.

Beitbridge walitusumbua kuliko nilipoingia. Watu waliokuwa na mizigo ya kufika paa la basi walipita, ila mdogo wangu, aliyeshika mfuko wenye mswaki na shati, aliwekwa pembeni. Mzigo wako uko wapi? Hana. Unatoka Johannesburg huna mzigo? Hana. Walimpekua mpaka soksi. Hawakuwahi kuona Mtanzania anayetoka Sauzi mtupu, wakawa na hakika kwamba ameficha kitu. Alipoachiwa alirudi kitini amejikunja. Kuanzia hapo mpaka Tunduma aliniuliza kila kituo kama si vizuri tununue japo biskuti. Nilimwambia akinunua biskuti namshusha.

Tanga tulifika alasiri, na nyinyi nyote mlikuwepo stendi. Msiniangalie hivyo, nasimulia niliyoyaona. Mlikuja wengi, na mlikuja na kirikuu! Mmekodi kigari kizima cha mizigo, kimefunguliwa nyuma, kamba za kufungia mzigo zimeandaliwa. Salehe alishuka. Miaka yote ile, na macho yenu yalimpita yakaenda kwenye buti ya basi. Mjomba Kassim alimshika mkono huku akimwangalia konda. Buti ikafungwa, basi likaondoka. Jirani wa kamba akauliza kama mizigo inakuja na gari la kesho. Nikatoa kamba yake, nikamrudishia. Shangazi Zuhura akasema, "Na blanketi?" Nikamwambia chui amebaki porini.

Kirikuu kilirudi kikiwa na mfuko mmoja wenye mswaki. Salehe alikaa nyuma kwenye bodi, peke yake, kichwa chini, na mtaa mzima ulitoka nje kumtazama akipita. Niliuona uso wake na nikaogopa. Nilidhani atashuka kwenye kona yoyote, apotee tena miaka mingine mingi.

Nyumbani Mama alikuwa ameketi kitandani, mlango wazi, amevaa kanga mpya, mikono juu ya magoti. Alimjua kwa hatua zake kabla hajasema. Salehe akapiga magoti mbele yake, akaubusu mkono wake, na maneno yakamtoka kwa kasi kama mtu anayetaka apigwe mapema yaishe.

"Mama, sikuleta kitu. Duka sina. Nimekuja mikono mitupu."

Watu walikuwa wamejaa mlangoni. Mama alinyoosha mikono. Alimpapasa kichwa, masikio, mabega yaliyobaki mifupa, akashuka mpaka kwenye mikono yake, akaifungua vidole kimoja kimoja mpaka viganja vikawa wazi. Kwa viganja hivyo Salehe alikuwa amejifuta machozi tangu stendi.

"Mkono mtupu haulambwi," Mama akasema. "Nani alikwambia?"

Akakiinua kiganja cha mwanawe mpaka mdomoni, akakilamba, kama alivyolamba mchuzi katika harusi zenu zote. Akakaa kidogo, akionja.

"Chumvi ipo," akasema.